Nilivyoiosha sahani ya binti mfalme pale Kilwa Masoko

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo nawadai shikamoo, mtaitoa mkijisikia.

Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya, napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika. Nitaandika yaliyotokea tu. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Kosa langu nitalibeba, na la mwingine nitampa kiasi chake, nisimzidishie.

Nina daftari ambalo huwa naandika mambo ya siku, na hapa nilipo nimelifungua pembeni. Kwa hiyo ambaye ameshaanza kusema hii ni chai, asubiri nimalize ndiyo amimine.

Shule niliishia kidato cha pili. Nikijikanyaga kwenye kuandika mnivumilie.

Ila Mungu alinipa mwandiko. Nina meza yangu nje ya steshenari moja hapa Masoko. Naandika majina kwenye kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na vile vibao vya "Usikojoe hapa". Watu wanasema mwandiko wangu ukiusoma unaona aibu kukojoa.

Sasa twende.

Kuna mzee nitamwita Babu Mfaume. Jina nimembadilishia, ila nimemchagulia linalomfaa, maana ugonjwa wake ni wafalme.

Babu alikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni kwa maisha yake yote ya kazi, na kwa maisha hayo yote amekuwa akikusanya sahihi za watu wakubwa, barua zao, na kitu chochote chenye taji. Ana kikombe cha bati walichogawiwa watoto wa shule enzi za mkoloni mfalme wao alipotawazwa. Ana kanga yenye sahihi ya mwimbaji wa taarabu kwenye pindo. Ana barua mbili za Kiarabu zenye muhuri wa sultani, alizipata Kivinje kwa kubadilishana na baiskeli yake, akarudi Masoko kwa miguu.

Ana pia barua kutoka kasri moja huko Ulaya. Aliandika mwenyewe kumpongeza malkia kwa kupata mjukuu, akajibiwa. Ameitundika ukutani kwenye fremu. Wazee wenzake kwenye kahawa wanamwambia, "Mfaume, aliyekujibu ni karani. Malkia hata Kilwa akioneshwa kwenye ramani ataifuta akidhani ni vumbi."

Nitende haki hapa. Ni kweli sahihi ni ya karani. Lakini karatasi ina nembo ya taji, na imeanza na jina la Babu kamili, halikukosewa.

Nyumba yake mtaani wanaiita Ikulu. Anajua. Ukipita ukimuuliza, "Babu, Ikulu wamelalaje?" anajibu, "Rais mzima, mke wa rais anapara samaki."

Katika vitu vyote hivyo kimoja tu alikipata mkono kwa mkono. Sahani.

Kisa chake nimekisikia labda mara ishirini. Zamani, mimi sijazaliwa, binti mfalme wa nchi moja ya ng'ambo alikuja kutazama magofu ya Kisiwani. Mchana akaletwa kula pale Babu alipokuwa anahudumu. Alipomaliza, Babu akakusanya ujasiri akamwomba sahihi. Karatasi hakuna. Yule binti akacheka, akachukua sahani nyeupe safi iliyokuwa mezani, akatoa kalamu yake ya wino, akaandika jina lake katikati.

"Mimi ndiye nilikuwa nimemshikia sahani," Babu husema. "Mikono ilinitetemeka hadi herufi ya mwisho ikaruka. Tazama hapa. Hapa ndipo nilipotetemeka."

Tangu siku hiyo sahani ile haijaoshwa. Mkewe, Bi Zainabu, husema ndoa yao ina watoto watano na sahani moja chafu.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuiona sahani yenyewe. Ilikaa ndani ya kasha, imefungwa kanga. Ukutani alitundika picha yake aliyoikuza, na ndiyo watu tuliyoizoea.

Basi, mwaka huu akapata ujumbe kwamba wageni watatu wanatoka Dar kuja kuangalia mkusanyo wake. Ni watu wa mambo ya kale, walikuwa wanatafuta vitu vya kuweka kwenye maonyesho yao. Mzee aliyechekwa miaka yote anafuatwa nyumbani kwake. Alikata nywele, akanunua kofia mpya.

Akanifuata mezani kwangu. "Mke wangu, njoo uniandikie vikadi. Kila kitu kiwe na kadi yake."

Msishtuke. Babu yangu mzaa mama alikuwa rafiki yake, kwa hiyo mimi ni mjukuu, na hapa kwetu mjukuu wa kike ni mke. Bi Zainabu naye ananiita mke mwenzangu na kuniuliza zamu yangu ya kupika ni lini.

Niliandika vikadi siku tatu. Sahani akaiacha ya mwisho. "Hiyo utaiona siku yenyewe," akasema. "Nitaifunua mbele yao kama biriani."

Yashikeni maneno hayo, kuna kosa ndani yake na si langu.

Sasa kulikuwa na mtu wa nne mle ndani. Bi Somoe, dada yake Babu wa tumbo moja, mkubwa kwake. Alikuwa ameletwa kutoka Kinjumbi kwa sababu ya homa isiyomwacha, akawa analala ukumbini kwenye mkeka, ili awe karibu na hospitali. Dawa alishapewa na alikuwa anazimeza. Lakini yeye mwenyewe alitaka na kombe.

Kwa ndugu zangu wa bara: kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa na mwalimu kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Maandishi yanakuwa na rangi ya kutu hivi. Unayaosha kwa maji na marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Wapo wanaoamini na wapo wasioamini, uzi huu si wa kubishania hilo.

Na sahani yenye kombe haiwekwi chini. Ni maneno ya Mungu, inawekwa juu, inafunikwa.

Siku ya wageni, mwalimu wa madrasa alipita asubuhi akaandika kombe, akaondoka. Bi Zainabu akaliweka juu ya friji pale sebuleni, akafunika kwa kitambaa.

Babu naye, bila kumwambia mtu, akatoa sahani yake kwenye kasha. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, sebuleni hapohapo, akaifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili cha chakula, ili aje kuifunua. Akaondoka kwenda kuwapokea wageni njia panda.

Bi Zainabu alipotoka kwenda sokoni akaniambia, "Mke mwenzangu, saa nne mpe Bibi kombe lake. Sahani iko sebuleni, nimeiweka juu, nimeifunika. Marashi yapo dirishani."

Saa nne nikaingia sebuleni. Macho yakaenda kwenye kabati. Nikaona kawa. Nikafunua, nikaona sahani nyeupe, na maandishi ya rangi ya kutu katikati.

Wakuu, nimejihoji sana. Dalili zilikuwepo. Maandishi yalikuwa mstari mmoja tu, nikajisemea mwalimu siku hizi anabana zafarani. Yalikuwa yamelala upande, nikasema mkono wake umezeeka. Na picha ya sahani ileile ilikuwa ukutani mita mbili kutoka niliposimama. Lakini mimi madrasa niliacha mapema, kitu chochote kilichopindapinda mbele ya mgonjwa nakipa heshima, sikihoji.

Nikasema bismillahi. Nikatia maji, nikatia marashi, nikazungusha kidole. Wino ukatoka bila ubishi. Nikamimina kwenye kikombe, nikampelekea.

Bi Somoe akanywa mafunda matatu. Akakunja uso.

"La leo lina ladha ya msumari."

"Dawa si asali, Bibi."

Akamaliza lote. Akaniambia nisuuze sahani kwa maji kidogo nilete na hayo, baraka isibaki. Nikasuuza. Akanywa na hayo.

Bi Zainabu akarudi na samaki. Akapita sebuleni, nikamsikia amesimama.

"Mbona Bibi hujampa dawa?"

"Nimempa."

"Umempa ipi, na hii juu ya friji ni nini?"

Nikaenda. Nikatazama friji. Nikatazama kabati. Kawa lilikuwa kwenye kiti, limepinduka. Kisha wote wawili tukatazama picha ukutani.

Bi Zainabu akaketi na kikapu chake mapajani. Akasema polepole, "Ile ni ya mwenyewe."

Kutoka ukumbini Bi Somoe akauliza, "Nimekunywa nini?"

Bi Zainabu akanitazama mimi.

"Nauliza, nimekunywa sumu?"

"Hapana Bibi," nikasema. "Umekunywa binti mfalme."

Akajiinua kwa kiwiko. "Yule wa sahani?"

"Huyohuyo."

"Alikuwa mtu msafi?"

Sikucheka, kwa kweli. Nacheka leo. Nilijua Babu yuko njia panda na kofia mpya, na kwamba kati ya vitu vyake vyote nimekifuta kile kimoja alichokuwa amekishika kwa mikono yake.

Kisha likanijia wazo. Niseme wazi, wazo lilikuwa langu. Bi Zainabu hakusema ndiyo wala hapana, alikwenda kupara samaki.

Picha ilikuwa ukutani. Mwandiko ninao. Kalamu ninazo.

Nikaishusha fremu. Nikajaribu kwenye karatasi mara nne. Ya nne ilitoka sawasawa. Nikachovya kalamu kwenye chai ya rangi iliyokolea ili wino upate uzee. Humu mnaita uongo chai. Siku ile mimi nilitengeneza uongo kwa chai yenyewe, ya majani.

Nikaandika kwenye sahani.

Wakuu, sijisifu, na kama najisifu basi najisifu kwa kitu kibaya. Ilitoka vizuri. Hata binti mfalme mwenyewe angeshangaa lini alirudi Kilwa.

Ikabaki ile herufi ya mwisho iliyoruka. Nikapeleka kalamu, nikautikisa mkono makusudi, ikaruka.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Jina lilikuwa la binti mfalme, na yeye ana majina yake mengi ameyaandika huko duniani. Lakini mruko ule ulikuwa wa Babu. Alikuwa kijana wa kazi aliyeogopa, na kuogopa kwake kulibaki pale miaka yote. Nami nimekaa kitako nauigiza woga huo kwa chai.

Bi Somoe alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka. Akasema, "Kama unaniandikia jingine, mimi nimeshashiba."

Nikanyanyuka nikaiosha sahani. Kwa hiyo niliiosha mara mbili siku ile. Mara ya kwanza sikujua ninachokiosha. Ya pili nilijua.

Gari la wageni likafika. Walikuwa wanaume wawili na mama mmoja wa makamo. Babu akawakaribisha sebuleni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya taarifa ya habari. Kabla hajaenda mbali nikamwita jikoni.

Nikamwambia lote. Na ya chai nikamwambia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Babu akatafuta pa kukaa, akaona mbuzi ya nazi, akaikalia.

"Kainywa nani?"

"Bi Somoe."

"Yote?"

"Yote. Na suuzo."

Akashika magoti. Sijui tulikaa muda gani, daftari langu linasema "muda mrefu", lakini samaki alikuwa bado hajageuzwa upande wa pili, kwa hiyo haukuwa mrefu.

Akaniita jina langu. Si mke wangu. Jina langu na la baba yangu. Akasema, "Nenda kaweke sahani mahali pake na uifunike."

Nikafanya hivyo. Akaingia sebuleni. Aliwaonesha kikombe, kanga, barua. Nilisimama mlangoni na sinia la juisi, natamani ardhi inimeze. Mwisho akalifikia kabati. Akafunua kawa.

Sahani ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hapa," akasema, "palikuwa na sahihi ya binti mfalme. Niliitunza kuliko macho yangu. Leo saa nne dada yangu kainywa."

Wageni wakatazamana. Akawasimulia kombe, friji, kabati, kawa. Na hapa ndipo nilipojua huyu mzee ni mtu, maana alisema, "Kosa ni langu nusu. Kitu nilikificha watu wasikione kabla ya wakati, nikakiweka mahali panapowekwa dawa." Nusu nyingine hakuisema ni ya nani. Mimi naisema hapa.

Yule mama mgeni akatoka hadi ukumbini, akachuchumaa kwenye mkeka. "Shikamoo Bibi. Pole. Ladha yake ilikuwaje?"

"Marahaba mwanangu. Wafalme hawana ladha," Bi Somoe akasema. "Huyu ndugu yangu tangu mdogo anatunza makaratasi ya watu wasiomjua. Nimemwambia miaka yote, mtu akikupenda atakuja kula kwako. Sasa huyu wa leo mimi ndiye nimemla."

Wageni walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Babu hakucheka, ila mdomo ulikuwa unamsumbua.

Matokeo kwa haki: walichagua zile barua mbili za sultani na kikombe cha bati. Sahani hawakuichukua. Kusema kweli, hata mimi nisingeichukua. Walipiga nayo picha, Bi Somoe katikati.

Bi Somoe aliendelea na dawa za hospitali, homa ikaondoka, akarudi Kinjumbi. Sisemi kilichomponya ni nini. Yeye ana jibu lake, na nasikia siku hizi anataka asalimiwe wa kwanza kila anapoingia.

Lakini mimi sikupona. Babu akawa anapita mezani kwangu na kusema, "Habari yako, binti." Mimi najibu, "Shikamoo Babu," naye, "Marahaba," anapita. Hakuna mke wangu. Mzee wa utani akikusalimia kwa adabu, ujue umemuumiza. Wiki mbili nzima. Kwenye daftari kila siku nimeandika kitu kilekile: amepita, hakunitania.

Siku ya kumi na tano akaja mchana na furushi la kanga. Akaliweka mezani. Ilikuwa sahani. Juu yake kadi tupu nyeupe.

"Andika kadi yake," akasema. "Kama ilivyokuwa."

Nikaandika kwamba sahani hii ilikuwa na sahihi ya binti mfalme. Kwamba ilioshwa kwa maji na marashi ya waridi, ikanywewa na Bi Somoe akidhani ni kombe. Kwamba ikaandikwa upya kwa kughushi, kisha ikaoshwa tena.

Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. "Hujasema aliyeosha ni nani."

"Niandike jina?"

"Jina mtu yeyote anaandika. Weka sahihi."

Wakuu, nimeandika majina ya maelfu ya watu kwenye kadi zao. Ya kwangu hakuna aliyewahi kuniomba. Nikainama. Babu akaishika kadi kwa vidole viwili isipeperuke, akasimama hapo ananitazama mkono. Nilipofika herufi ya mwisho ikaruka.

"Imeharibika Babu. Nipe nyingine niandike upya."

Akaisogeza machoni. Akautazama sana ule mwisho wake.

"Acha. Hii ndiyo yenyewe," akasema. Akaifunga ndani ya kanga pamoja na sahani. "Haya mke wangu, niagizie kahawa. Chai yako siinywi."

Sasa ipo ukutani Ikulu, kati ya karani wa malkia na yule mwimbaji wa taarabu. Kila nikipita naona ile herufi.

Funzo nililopata ni dogo, mwenye elimu zaidi ataongeza. Ukitunza kitu, waambie unaoishi nao kiko wapi. Na ukiharibu kitu cha mtu, mpelekee kile ulichoharibu kama kilivyo, usimpelekee kinachofanana nacho.

Naweza kuwa nimejihukumu kidogo au sana, sijui. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje pale na ile kalamu? Jukwaa lenu. Na kama kwenu kuna chombo kisichooshwa, kitajeni humu na mseme kimewekwa wapi, nisije nikapita nikiwa na marashi.